Panya Hawa Si Ndugu

Panya walikutwa wamekufa asubuhi, wote, kuanzia rafu ya juu hadi ya chini, na aliyewakuta alikuwa Profesa. Hakuingia ndani. Alifika mlangoni pamoja na wakaguzi wawili waliosafiri kutoka mbali kuja kuwaona panya hao, akakuta ufunguo unaning'inia kwenye kitasa, akausukuma mlango na kusikia kimya. Chumba cha panya hakinyamazi. Kuna kukwaruza, kuna kugonga chupa za maji, kuna pampu inayonguruma usiku na mchana. Siku hiyo hapakuwa na hata kimoja. Profesa alibana leso puani, akapiga chafya mfululizo, akaagiza polisi waitwe.

Alikuja Inspekta mmoja mfupi, mwanamke, amevaa viatu vya raba. Kituoni kwao hakuna aliyemwita Inspekta. Walimwita Shangazi, kwa sababu alikuwa na maswali ya shangazi wa bwana harusi aliyetumwa kumchunguza mchumba: ya upole, yasiyo na haraka, na haagi mpaka ajue ukoo mzima. Wakubwa wake hawakumpenda sana. Yeye naye hakuwahi kulala njaa kwa ajili hiyo.

Kabla hajaingia alielezwa utaratibu. Kila anayekwenda kwa panya huacha koti lake jeupe kwenye misumari ya ukumbini, pamoja na vilivyomo mfukoni, akavaa joho la bluu la chumba hicho ili asiwapelekee wanyama vijidudu vya nje. Shangazi aliyatazama yale makoti yaliyotundikwa, funguo na simu zikivimbisha mifuko, akauliza kama huwa hayaibiwi. Aliambiwa kwamba hapo wote ni familia. Alitikisa kichwa, maana kesi zake nyingi zilikuwa za familia.

Ndani, vizimba vilikuwa masanduku ya plastiki yaliyofungwa kabisa, na kila kimoja kilipata hewa kwa mpira kutoka kwenye pampu ya ukutani. Plagi ya pampu ilikuwa imechomolewa, waya umekunjwa vizuri sakafuni. Wauaji wengi aliowajua Shangazi hawakunji nyaya. Alivaa glavu, akafungua kizimba kimoja kimoja, akawageuza panya kwa ncha ya kidole. Walikuwa weupe, wanafanana kama mapacha, madume kwenye rafu za kushoto na majike kulia. Majike walikuwa safi. Madume, karibu wote, walikuwa na vidonda vidogo mgongoni na karibu na mkia, vingine vibichi, vingine vimeshaota gamba.

Akamuuliza Profesa vidonda vile ni vya nini. Profesa alijibu kutoka ukumbini kwamba panya wakikosa hewa huchanganyikiwa na kuumana. Shangazi alijiuliza kama majike wao walikuwa na hewa ya ziada. Alipotoka alimkuta Profesa amevimba macho, machozi yanamtiririka, na akampa pole kwa msiba.

“Siwalilii,” Profesa alisema kwa hasira. “Ni mzio. Manyoya yao yakinifikia tu, siku yangu imekwisha. Sijawashika kwa miaka.”

“Kumbe. Nimeona picha zako hapo mapokezini na medali shingoni. Sifa zote hizo kwa panya usioweza kuwagusa?”

“Ndivyo sayansi inavyofanywa, Inspekta. Wengine hushika, wengine hufikiri.”

Basi akamfikiria mtuhumiwa pale pale, bila kuombwa. Panya hao, alieleza, ni ukoo uliozalishwa kizazi baada ya kizazi, na wote huzaliwa na kifafa. Wamepewa dawa mpya na kifafa kikakoma. Wiki moja kabla, mtafiti mmoja kijana, msichana ambaye maabara nzima inamwita Mbishi, alisimama mkutanoni akadai kwamba dawa inaharibu maini yao, na akaapa mbele ya wote kwamba haitafika kinywani mwa mtu. Akafukuzwa chumba cha panya papo hapo, ila hakuna aliyekumbuka kumdai ufunguo. Wakaguzi wakaitwa waje kuwapasua panya wenyewe na kukata ubishi. Na sasa ufunguo ulioachwa mlangoni una ushanga wa bluu, na ushanga wa bluu ni wa Mbishi.

Mmoja wa wakaguzi alipasua mizoga kabla ya adhuhuri. Maini yote yalikuwa mazima, mekundu, yanang'aa. Dawa yenyewe hakuweza kuipima, kwani huvunjika mara moyo unaposimama, na kuitafuta kwenye damu ya mzoga ni kazi bure. Lakini maini yalimtosha Profesa. Msichana alisema uongo, alitangaza, akaona uongo unakaribia kufichuliwa, akaua ushahidi. Na kwa kuwa ushahidi umejitetea wenyewe, wagonjwa wa kwanza wataanza kunywa dawa Jumatatu kama ilivyopangwa.

Naibu wa Profesa alikuwa mama wa makamo, mpole, aliyelea nusu ya watafiti wa nyumba ile, na ndiyo maana wote walimwita Mama Maabara. Alimkaribisha Shangazi ofisini kwake akiwa analia kweli, akamwomba asimtese Mbishi, kwani ni mtoto mwenye hasira tu. Kwenye meza ya pembeni alikuwa mwanawe wa pekee, mwanamume mwenye ndevu ambaye wote walimwita Fundi, anatengeneza simu za watu kwa bisibisi nyembamba. Mama alieleza kwa sauti ya chini kwamba hamwachi nyumbani. Tangu utotoni anaanguka kifafa, na siku moja alianguka karibu na jiko.

“Ila siku hizi hajambo,” aliongeza, akimshika bega. “Hajaanguka tangu mvua zianze.”

Shangazi alimpongeza. Fundi alimmiminia chai, akasukuma mkate wake pembeni bila kuuonja, akaendelea kujikuna mikono. Macho yake yalikuwa na umanjano. Mama alimwona Shangazi anayatazama, akasema ni malaria, ilimchakaza, lakini inamtoka.

Mbishi alikamatwa kwao akiwa anaanika nguo. Hakuuliza kwa nini anakamatwa. Aliuliza panya wamekufaje, na alipoambiwa alikaa chini kwenye beseni lililogeuzwa na kulia kidogo, kisha akanyoosha mikono atiwe pingu kama mtu anayevishwa bangili asizozipenda.

Kituoni, Mkuu alikuwa amekwisha kuihukumu kesi na kula chakula cha mchana. Kuna ufunguo, alisema, kuna kiapo cha mkutanoni, kuna sababu, na kuna Profesa anayepiga simu kila baada ya muda mfupi. Msichana asaini maelezo ya kukiri, apelekwe mahakamani, watu wafanye kazi nyingine. Shangazi alisema bado kuna mtu mmoja wa kuhojiwa, na akamtaja mwalimu mmoja mstaafu anayesimama kila siku kwenye lango la maabara na bango lililoandikwa PANYA PIA ANA MAMA. Mkuu alipumua kwa nguvu. Akamwambia haya, mwite.

Mwalimu alikuja na bango lake, akakataa kuliacha nje. Alisema hakuwahi kuvuka lango lile, walinzi wote wanamjua, na kwamba angepata nafasi angewafungulia panya mlango, si kuwaua. Shangazi akafunua kitambaa kilichofunika mzoga mmoja ili amwonyeshe vidonda. Mwalimu alipanda juu ya kiti.

“Unawaogopa?” Shangazi aliuliza.

“Kumtetea mtu si lazima umkumbatie,” mwalimu alijibu kutoka huko juu, bila aibu hata kidogo. “Mfunike.”

Walimwachia. Alishuka, akalichukua bango, na akawaambia kwa sauti ya darasani kwamba yule binti huwa anapitia langoni kila siku na kubishana naye, na ndiye pekee kule ndani aliyewahi kumjibu kwa hoja. Mtu wa hoja, alisema, haui usiku na kukimbia. Halafu akarudi kwenye lango lake.

Jioni Mama Maabara alikuja na chakula kwenye bakuli lenye mfuniko, na karatasi ya kukiri ambayo Profesa alikuwa ameiandaa. Shangazi aliwaruhusu waonane, akabaki karibu na mlango, akijifanya anasoma tangazo la ukutani. Mama alimshika Mbishi mkono kupitia nondo. Alimsihi asaini kwamba ilikuwa hasira, taasisi itamsamehe, atapata kazi mahali pengine, maisha ni marefu. Mbishi alimsikiliza kwa heshima yote ya mtoto kwa mzazi.

“Mama, nilipofika kwako sikujua kushika hata sindano,” alisema. “Siku ya kwanza ukaniambia: usiandike usichokiona. Leo unaniletea karatasi niandike nisichokifanya. Siwezi. Chakula nitakula, asante. Karatasi rudi nayo.”

“Kwa ajili ya panya, mwanangu? Panya si mtu.”

Mbishi alirudisha mkono wake ndani. Mama aliondoka akijifuta macho, na Mkuu, aliyekuwa akisubiri sahihi, alimwambia msichana kwamba kesho atalala gereza kuu. Mbishi akamwambia aandike anavyotaka, hata kwa wino wa dhahabu, mkono wake hautagusa kalamu. Shangazi alimpenda tangu dakika ile, na hilo lilimkera, kwa sababu kumpenda mtuhumiwa huharibu hesabu.

Kwa hiyo alivuta kiti karibu na nondo na kuanza upya kama asiyemjua. Alimweleza kuhusu vidonda. Mbishi aliacha kula.

“Vibichi au vimekauka?”

“Vyote viwili.”

“Basi wamepigana kwa siku kadhaa kabla ya kufa. Afande, panya wangu hawapigani. Kila kizimba cha madume ni ndugu, tumbo moja, wamelala mmoja juu ya mwenzake tangu waachishwe ziwa. Ukiweka dume mgeni, wenyeji watamrarua mgongo na mkia usiku huo huo. Majike hupokea wageni. Madume, hapana.”

“Kwa hiyo hawa si ndugu.”

“Kama si ndugu, si panya wangu.” Alisimama. “Masikio yao umeyaona? Kila mmoja tunamtoboa tundu akiwa mdogo, ili tumjue. Kwa wangu yamepona zamani, yako laini kama tundu la hereni.”

Shangazi hakuwa ameyatazama masikio. Alienda kwenye sanduku la barafu lililohifadhi mizoga, akarudi baada ya kitambo na uso umebadilika. Matundu yalikuwa na damu iliyoganda ukingoni. Yalitobolewa juzijuzi, mahali pale pale panapotakiwa, kwa mkono unaojua kazi.

Wakaanza kulifumua fumbo pamoja, mmoja upande huu wa nondo, mwingine ule. Panya weupe wa ukoo ule ule wangepatikana wapi? Chumba cha pili, Mbishi alisema, chumba cha uzazi, wanakozalishwa wa akiba. Je, wasingeonekana wamepungua? Ukichukua kizimba kizima, ndiyo, kila mtu ataona pengo. Lakini ukichukua dume mmoja hapa na mmoja pale, kila familia itoe mtoto mmoja, hakuna atakayejua. Mbishi alisema hayo kisha akajisikia mwenyewe anachosema, wakatazamana. Mtu alikwepa pengo, akakusanya mayatima kutoka nyumba mbalimbali na kuwafungia chumba kimoja.

“Alikuwa mwerevu mno,” Shangazi alisema. “Sasa kwa nini awaue? Maini yao mazima si ndiyo aliyoyataka wakaguzi wayaone?”

“Kwa sababu hawajawahi kunywa dawa. Wangeanguka kifafa mbele ya wakaguzi. Na damu yao, kama wangepimwa wakiwa hai, ingekuwa tupu.”

Hapo Shangazi alikuwa na kesi tofauti kabisa mkononi. Mtu anayetaka kuizuia dawa hawezi kuhangaika kuleta maini ya kuisafisha, hivyo Mbishi akatoka kwenye orodha ya watuhumiwa. Walioitaka dawa ni wawili. Profesa aliitaka kwa ajili ya medali nyingine, ila kuwatoboa masikio panya wote wale kungemwacha hana macho, naye asubuhi ile alianza kuvimba baada tu ya kusimama mlangoni. Shangazi aliuliza ni nani aliyewalisha panya tangu Mbishi apigwe marufuku. Mhudumu, Mbishi alijibu, kisha akakumbuka kwamba mhudumu alipewa likizo wiki hiyo hiyo, mkewe amejifungua, na aliyempa likizo alisema kwa wema wake kwamba atawalisha mwenyewe.

“Nani?”

Mbishi alikaa chini, akakishika kichwa.

“Usimguse,” alisema mwisho. “Yule ni mama yangu. Hakunizaa, lakini ni mama yangu.”

“Na ndiye aliyechukua ufunguo kwenye koti lako pale ukumbini na kuuacha mlangoni, wakati ana wake. Nisimguse kwa nini?”

Kisha Shangazi akamuuliza panya wa kweli wako wapi, kwa kuwa bila wao haya yote ni hadithi ya wanawake wawili mahabusu, na Jumatatu watu watameza dawa. Tanuri la kuchomea mizoga lilikuwa bovu. Hilo walinzi walimwambia. Mbishi alifuta uso kwa kiganja.

“Hakuwatupa. Sisi hatutupi sampuli, Afande. Hata ile tunayoichukia tunaigandisha. Alinifundisha hivyo yeye, na nimemwona akilia akitakiwa kumwaga chupa iliyokwisha muda. Tafuta kwenye jokofu lake, chini kabisa.”

Shangazi aliinuka. Akauliza swali moja la mwisho, la kupitisha tu, panya aliyeharibika ini mtu humjuaje akiwa bado hai.

“Masikio. Ni ya waridi, yanageuka manjano. Halafu anajikuna hovyo. Halafu chakula anakiacha.”

Shangazi alisimama pale na mkono kwenye nondo kwa muda, mpaka Mbishi akamuuliza kama anaumwa. Hakuwa anaumwa. Alikuwa ameona tena mkate uliosukumwa pembeni ya meza.

Asubuhi, badala ya kumpeleka Mbishi mahakamani, Shangazi alimpeleka maabara, na pingu zake. Simu ya Mkuu iliita njiani, akaiacha iite. Iliita tena kwenye ngazi. Akaizima na kuitia mfukoni, akijua vizuri kwamba hiyo ni barua ya uhamisho kwenda mahali pasipo na lami. Alikuwa na askari wawili na hati ya upekuzi aliyomwamshia hakimu asubuhi na mapema, na hakimu hakufurahi. Chumba cha mikutano walikuwepo Profesa, wakaguzi wawili, na Mama Maabara. Shangazi alimwomba na Fundi aje, aketi karibu na mama yake.

Alianza na madume wasio ndugu. Alieleza polepole, kwa maneno ya nyumbani, jinsi mtu alivyochukua mtoto mmoja kila familia, na jinsi watoto hao walivyotoana ngeu kwa sababu hawakujuana. Mkaguzi aliyewapasua aliinamisha kichwa. Aliviona vidonda na akavidharau. Alieleza masikio. Profesa alikatiza kwamba huu ni upuuzi, na kwamba polisi hawana elimu ya kuzungumzia wanyama wa maabara.

“Kweli sina,” Shangazi alisema. “Lakini wewe uliyenayo hukuingia chumbani.”

Askari mmoja aliingia na sanduku la povu. Lilitoka ndani ya jokofu la ofisi ya Mama Maabara, chini ya mifuko ya barafu na mabaki ya utafiti wa zamani. Ndani mlikuwa na panya wamegandishwa, wamefungwa mmoja mmoja kwenye karatasi safi kwa uangalifu mkubwa. Mkaguzi alimfungua mmoja pale pale mezani, akamwacha alegee, akampasua. Ini lilikuwa na rangi ya udongo, limejaa mabaka. Wa pili alikuwa vivyo hivyo. Profesa alipiga chafya, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kufikiri.

Mama Maabara hakukana. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, na upole wote ulikuwa umemtoka. Chini ya upole huo palikuwa na kitu kigumu ambacho hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kukiona.

“Ndiyo, ni mimi,” alisema. “Na ningefanya tena. Nyinyi mmekiona kifafa kwenye vitabu. Mimi nimekiokota sakafuni miaka yote hii, nimetia vidole vyangu katikati ya meno ya mwanangu. Imepatikana dawa inayokikomesha, kisha mnataka kuimwaga kwa sababu ya maini ya panya? Panya si mtu. Ini la panya si ini la mtu.”

“Mama,” Mbishi alisema.

“Nyamaza. Wewe ungenisamehe siku moja.”

“Siku panya walipoacha kuanguka, Mama, ulinikumbatia hapa ukumbini ukasema watu wamepona. Hukusema panya wamepona, ulisema watu.” Sauti ya Mbishi ilitetemeka lakini hakuishusha. “Walipopona walikuwa watu. Walipoanza kufa wakageuka panya. Lini? Niambie ni siku gani, niiandike.”

Profesa akainuka kusema kwamba jambo hili ni la ndani, wakaguzi ni wageni wa heshima, linaweza kumalizwa kwa hekima. Mbishi alimgeukia na kumwambia kwamba yeye halimalizi, atalisema langoni kama haliwezi kusemwa humu, na kule kuna mwalimu mwenye bango atakayemwazima upande wa nyuma wa kuandikia. Shangazi hakuwasikiliza tena. Alikuwa amemwelekea Fundi.

“Mwanangu, unakunywa dawa gani?”

“Usimjibu,” Mama alisema.

Fundi alimtazama mama yake, kisha sanduku la povu, kisha lile ini mezani. Hakuwa mjinga; alitengeneza vitu vilivyowashinda wengine.

“Vidonge vyeupe,” alijibu. “Mama hunipa kila asubuhi. Tangu mvua zianze.”

Kila mtu chumbani alielewa kwa wakati wake. Mbishi alikuwa wa kwanza. Alivuka chumba na pingu zake, akalivuta kope la chini la Fundi kwa kidole gumba, akaitazama ile manjano. Akamfunua mikono ikiwa na mistari ya kucha. Alipogeuka kwa Shangazi hakuomba kufunguliwa.

“Hospitali. Sasa hivi. Asile kidonge kingine hata kimoja. Akiacha leo, ini linaweza kurudi. Kesho sijui.”

Mama Maabara aliondoka kwenye kiti na kwenda kusimama mlangoni, mikono ameitanua kushika miimo yote miwili. Askari walimsogelea, Shangazi akawazuia. Mama alisema kwamba hawamjui mwanawe. Alisema wakimnyima dawa ataanguka kabla ya kufika hospitali, ataanguka njiani, ataanguka mbele za watu, na yeye hatakubali, watampitia juu yake. Alisema ile si manjano, ni malaria. Alisema tena kwamba ni malaria, na mara hii ilisikika kama anaomba.

Fundi alisimama. Alitoa mfukoni kifurushi kidogo cha karatasi chenye vidonge, akakiweka mezani kando ya ini la panya, akaenda mpaka mlangoni. Alikuwa mrefu kuliko mama yake, na pengine hiyo ilikuwa mara ya kwanza yeye kusimama karibu naye hivyo, bila kushikwa. Aliuondoa mkono mmoja wa mama yake kwenye mwimo, taratibu, kisha wa pili, akaishika yote miwili.

“Nimeanguka darasani, Mama. Nimeanguka barabarani, watu wakaniruka. Nimeanguka siku ya posa, na mchumba akaondoka na nduguze. Hakuna siku sikuinuka,” alisema. “Wewe ndiye unayeogopa sakafu. Niache nianguke. Kuinuka nimezoea.”

Mama akampisha.